Koti la Mheshimiwa Halikunjwi

Wasomaji wangu, mimi nikisema "Kaeni," nyinyi mniitikie "Wapi?" Haya, tumeanza vizuri.

Nchi ninayoisimulia jina lake silitaji. Mwenye akili ataijua, na asiyeijua huenda ni mmoja wa wanaoitawala. Ni nchi nzuri, ina amani, ina milima, ina madini ambayo tunaambiwa yapo, na ina ndege. Ndege yenyewe ni moja, lakini redioni inaitwa "ndege zetu," na mimi ni nani hata nibishane na redio? Inaitwa Mwewe wa Taifa.

Mimi mwenyewe ni mtumishi wa serikali. Niko Idara ya Shangwe, cheo changu ni Mpiga Makofi Mwandamizi. Wapo wanaocheka wakisikia hivyo. Wacheke tu, wivu hauna dawa. Kwa mujibu wa sheria, Mwewe haruki bila kuwa na wapiga makofi ndani, maana ndege ikitua salama pasiwe na makofi, nani atajua kwamba serikali imefanya kazi? Kwa hiyo nimesafiri sana, na ninaposema habari za viti vya ndege, sisemi ya kusikia.

Zamani Mwewe alikuwa na viti vya kawaida. Mtu anakaa, goti linakaa, na mfuko wa karanga unapata pa kuwekwa. Kisha akateuliwa Waziri wa Starehe za Anga, Mheshimiwa Dokta Chimbunde, na siku ya kwanza tu alipopanda ndege aliguna. "Hii ndege haina adabu," alisema. "Jukwaa Kuu liko wapi?"

Na kweli, jamani. Kwetu sisi hakuna shughuli isiyo na Jukwaa Kuu. Iwe harusi, iwe msiba, iwe mkutano wa mbolea, mbele lazima yawekwe makochi yenye vitambaa vya kufuma, mezani maua ya plastiki na chupa za maji, na nyuma huko ndiko wanakokaa wananchi, juani, kwenye viti vinavyopinda. Ndivyo tulivyolelewa. Ndege peke yake ndiyo iliyokuwa ikijifanya mzungu.

Basi yakaletwa makochi. Makochi ya kuchonga, yale yenye makucha ya simba miguuni, yakajaza mbele ya ndege mpaka karibu na mabawa. Viti vya wananchi vikasukumwa nyuma, vikabanwa, vikabanwa tena. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza miguu ya watu itakwenda wapi. Swali zuri. Siku hizi mjumbe huyo ni katibu tarafa mahali ambapo hata barua hazifiki.

Uzinduzi wa kiti kipya nilikuwepo, na viganja vyangu viliwaka moto siku ile. Mheshimiwa Chimbunde alikijaribu yeye mwenyewe. Kimo chake ni siri ya serikali, siwezi kukitoa hadharani, ila akisimama nyuma ya meza ya hotuba sisi humtambua kwa sauti. Akakaa. Miguu ikaning'inia. Akaichezesha mbele na nyuma, akacheka kwa furaha.

"Nafasi ipo tele!" akasema. "Nani aliyesema hakuna nafasi? Mimi hapa hata chini sigusi! Kiti hiki kimepimwa kwa kiongozi. Kama kiongozi anaenea, mwananchi ni nani asienee?"

Tulipiga makofi mpaka msimamizi akatusihi tupumzike. Kuanzia siku ile kikaitwa Kiti cha Kitaifa, na ikatangazwa kwamba mtu ambaye miguu yake haitaenea, kosa ni la miguu.

Sasa nije kwenye safari yenyewe.

Tulikuwa tunarudi makao makuu kutoka mkoani. Pale kwenye kiwanja cha ndege nikawaona mzee mmoja na mkewe. Mzee anaitwa Libenanga, alikuwa golikipa wa timu ya reli enzi zake, mrefu hasa, wa kuinamia kila mlango. Alikuwa ameanguka kutoka paani akipigilia mabati, mguu ukavunjika vibaya, na hospitali ya mkoa wakamtia vyuma. Lakini kidonda kilikataa kupona. Mkewe, Mama Stamili, alimweleza kila aliyepita, kwa sauti ile ile kama anayesoma dua:

"Daktari amesema mguu usikunjwe. Ukikunjwa chuma kitahama, kitabana mshipa wa damu, na mguu tutaupoteza. Leo leo tufike hospitali kuu, wanamsubiri."

Utauliza kwa nini hawakwenda kwa gari, mzee akajilaza nyuma na mguu wake. Daraja, ndugu yangu. Daraja la mto mkubwa limekamilika tangu mwaka juzi, zuri, lina taa, ila halijazinduliwa kwa sababu mgeni rasmi hajapata nafasi. Na daraja lisilozinduliwa, hata liwe imara vipi, kisheria bado ni mto.

Afisa itifaki wa Mwewe, Bwana Ndimangwa, ni mtu mwenye adabu. Aliinama, akaamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwanangu," Mama Stamili akadakia, "baba yako huyu mguu haukunjiki. Tunaomba mahali pa kuunyoosha tu, hatutaki makubwa."

"Mama, kila mguu unakunjika. Ni nia tu."

"Una vyuma ndani!"

"Basi ni nia pamoja na nguvu kidogo," alisema Bwana Ndimangwa, tena kwa upole kabisa. "Lakini msiwe na wasiwasi. Pandeni, tutaangalia."

Tulipopanda, mambo yalikuwa mazuri. Mzee aliwekwa kiti cha kando, akaunyoosha mguu wake kwenye ujia katikati ya viti, Mama Stamili akavua kanga yake ya juu na kuikunja, akaiweka chini ya kisigino. Mzee akashusha pumzi. Akaniona nikimtazama, akatabasamu.

"Na wewe unakwenda hospitali?" akaniuliza.

"Hapana, mzee. Mimi niko kazini."

"Kazi gani?"

Nikamweleza. Akavitazama viganja vyangu, kisha akasema, "Riziki ni riziki." Ni mzee muungwana sana yule.

Ila hatukuondoka. Jukwaa Kuu lilikuwa tupu. Makochi yanang'aa, maua yamepukutwa vumbi, chupa za maji zimepangwa, na mgeni rasmi wa safari hajafika. Kila safari ya Mwewe ina mgeni rasmi, na kabla hajaketi hata injini haiwashwi, maana injini nayo ni mwananchi. Joto likapanda, watoto wakaanza kulia, watu wakawa wanajipepea kwa vile vikaratasi vinavyoonyesha jinsi ya kuokoa maisha yako.

Bwana Ndimangwa akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye yuko njiani, waheshimiwa wajumbe ambao wangekuwepo, ndugu rubani na msaidizi wako, wazee wetu wa dini kama mmo humu, ndugu abiria, itifaki imezingatiwa. Tunawaomba muwe na subira. Starehe ni mchakato."

Tukapiga makofi.

"Mwanangu," Mama Stamili akaita kutoka nyuma, "hayo makochi matupu, mzee asingepumzika japo mpaka huyo mkubwa afike?"

"Si matupu, mama. Yanasubiri."

Jua lilikuwa limekwisha kusogea upande wa pili tulipoona vumbi. Magari meusi yakaja mpaka kwenye ngazi ya ndege, ving'ora vinalia. Tukasimama wote, kwa kadiri tulivyoweza kusimama. Mlango wa gari ukafunguliwa, akashuka dereva, mkononi ameshika henga ya kutundikia nguo, na kwenye henga kuna koti.

Koti jeusi, la vifungo vya dhahabu. Tukatazama nyuma yake. Hakuna mtu.

Kumbe Mheshimiwa Waziri Chimbunde ndiye aliyekuwa mgeni rasmi wetu, lakini alikuwa ameshaondoka asubuhi kwa ndege ya nchi jirani. Alisema ile huondoka kwa wakati. Kwa haraka zake akalisahau koti kwenye nyumba ya wageni ya serikali, na jioni kulikuwa na hafla makao makuu ambapo koti lile lilitakiwa. Bwana Ndimangwa alisoma taarifa mara moja, sauti yake ikatetemeka kidogo kwa uzito wa tukio.

"Mheshimiwa ameshindwa kujumuika nasi kutokana na majukumu mengine ya kitaifa. Hivyo basi amewakilishwa na koti lake."

 Kisha msimamizi wetu akanyanyua kidole, nasi tukapiga makofi, na abiria wakafuata. Mtu akishaanza kupiga makofi haulizi tena ni ya nani.

Sheria ya itifaki iko wazi: mwakilishi hupewa heshima zote za anayewakilishwa. Kwa hiyo likaletwa zulia jekundu litandikwe ujiani ili koti lipite kusalimia wananchi kabla ya kuketi. Na hapo ndipo zulia lilipofika kwenye mguu wa Mzee Libenanga, likasimama.

"Mzee, tunaomba uingize mguu," akasema Bwana Ndimangwa.

"Mwanangu, hauingii."

"Mgeni rasmi anapita."

"Aruke," alisema mzee. "Si koti?"

Watu walicheka, halafu wakakumbuka wako wapi, wakaacha.

Koti likabebwa juu juu kupita pale, kwa heshima zote, likapungiwa mikono, likarudishwa mbele. Kisha wakalilaza. Wasomaji, mimi nimeona mengi kazini, lakini hili nilikuwa sijaliona. Walilinyoosha juu ya makochi matatu yaliyounganishwa, mikono ya koti huku na huku, kola imeegemezwa kwenye mto, likafungwa mkanda taratibu lisije likaumia. Mhudumu akaliwekea korosho na juisi ya embe. Juisi haikuguswa.

Mama Stamili akasimama. Akatembea juu ya zulia jekundu, pekupeku, maana viatu alikuwa amevivua kwa sababu ya joto.

"Yaani koti ndilo linalonyooshwa?" akauliza.

"Mama, koti hili likikunjwa litaingia makunyanzi," Bwana Ndimangwa akajibu. "Lina hafla jioni."

"Na mguu wa mume wangu?"

"Mguu hauna hafla."

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alitafuta sauti ya kubembelezea.

"Basi nipe mimi hilo koti nilibebe. Nitalipakata kama mtoto mchanga, hata nzi hatatua. Nitasimama nalo njia nzima likitaka. Mzee wangu apate kochi moja. Moja tu, baba. Nakuomba kama ninavyomwomba niliyemzaa."

Hapo, lazima niseme, Bwana Ndimangwa alisita. Akamtazama mama, akamtazama mzee kule nyuma, kisha akaligeukia koti na kulitazama kwa muda, kama anayesubiri litoe kauli. Koti halikusema kitu. Na kwetu sisi, mkubwa akinyamaza, maana yake amekataa.

"Haiwezekani, mama. Zulia lazima lifike nyuma, na ndege hairuki ujia ukiwa na kizuizi. Ni kwa usalama wenu."

Ndipo abiria walipochachamaa. Wewe unadhani walimtetea? Thubutu!

"Mama keti bwana, tunachelewa!"

"Kila mtu ana matatizo yake!"

"Si mngekodi ndege yenu!"

Hawa waliosema hivyo, magoti yao yalikuwa yamefika kwenye masikio. Mmoja alikuwa amekaa upande upande kama gunia la mkaa, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Wananchi wetu ni wavumilivu mno, hasa kwa maumivu ya mwenzao.

Wakaja vijana wawili wa itifaki, vifua vipana. Mmoja akashika paja, mmoja akashika kifundo. Walisema "pole mzee" kabla na "pole mzee" baada, nalitaja hilo ili isionekane kwamba hapakuwa na ubinadamu. Mzee Libenanga aliuma mtandio wa mkewe. Nilisikia kitu kikilia, nikajiambia ni kiti.

Tukaruka.

Angani palikuwa pazuri, nasikia. Mimi dirishani niliona goti langu tu. Miguu yangu yote miwili ilikufa ganzi, lakini mikono ilikuwa hai, na mikono ndiyo inayolipwa. Nyuma yangu nilikuwa nawasikia.

"Mama Stamili."

"Abee."

"Vidole sivisikii."

Akainama, akapenyeza mkono mpaka ukafika kwenye unyayo wa mumewe. Akavibonyeza vidole kimoja kimoja. Kisha akaanza kuusugua, anausugua na kuupulizia, anausugua na kuupulizia, kama mtu anayewasha jiko la mkaa mbichi. Akamwita mhudumu. Mhudumu akaja akitabasamu, akamwonyesha maandishi ukutani: FURAHIA STAREHE YAKO.

"Umekuwa wa baridi," Mama Stamili akasema. "Binti, mguu wa mtu aliye hai huwa wa baridi hivi?"

"Mama, kiyoyozi ndicho hicho," binti akajibu, akaenda kulipangusa koti vumbi.

Tulitua salama. Tukapiga makofi, ndiyo kazi. Halafu tukakaa, maana mgeni rasmi hutangulia kushuka, na chini kulikuwa na bendi, na watoto wa shule wenye maua, na gwaride la kukagua. Koti likakagua gwaride. Likapigiwa wimbo wa taifa, beti zote, hata ule ambao hakuna anayeujua. Mama Stamili alikuwa akigonga dirisha kwa kiganja, kwa sababu chini pale, pembeni ya zulia, aliliona gari la wagonjwa, jeupe, milango wazi.

"Lile pale! Lile pale limetufuata!" akasema.

Halikuwafuata wao. Msafara wa mgeni rasmi lazima uwe na gari la wagonjwa. Likaondoka na koti, taa zinawaka, kila gari barabarani likasukumwa kando. Mzee Libenanga alibebwa kwenye toroli la mizigo, kisha kwenye teksi, na teksi ikasimamishwa njiani ili msafara upite.

Waliukata mguu usiku ule ule, juu ya goti.

Maneno yakazagaa mjini. Serikali ikatoa taarifa ya kwanza, kwamba hakukuwa na mguu wowote katika ndege hiyo. Ikatoa ya pili, kwamba mguu ulikuwepo lakini haukufuata taratibu. Hatimaye Mheshimiwa Chimbunde akaamua kwenda mwenyewe hospitali, na sisi wa Idara ya Shangwe tukatangulizwa wodini asubuhi kujaza nafasi. Wagonjwa wanne walitolewa nje na vitanda vyao ili kochi la Mheshimiwa lipate pa kukaa. Kikaletwa pia Kiti cha Kitaifa chenyewe, kimefungwa utepe.

Mheshimiwa akaingia. Koti alikuwa amelivaa, halina kunyanzi hata moja.

"Ndugu wananchi," akasema, "wako watu wasioitakia mema nchi yetu. Wanasema viti vyetu ni vidogo. Mimi si mtu wa maneno, ni mtu wa ushahidi. Mwekeni mzee hapo."

Wakamnyanyua Mzee Libenanga kutoka kitandani, bado ana bandeji, wakamkalisha kwenye kiti. Mbele yake wakasogeza kiti kingine, kwa kipimo kile kile cha ndegeni. Goti moja likaingia. Upande wa pili pakabaki wazi kabisa.

"Mnaona?" Mheshimiwa akanyoosha mikono kwa wapiga picha. "Anaenea! Tena ana nafasi ya ziada! Tatizo halikuwa kiti!"

Tulipiga makofi. Wodi nzima ilitikisika.

"Mzee wetu," Mheshimiwa akasema, akamsogezea kipaza sauti, "una neno lolote kwa serikali yako?"

Mzee Libenanga hakumtazama. Alikuwa anamtafuta mkewe, aliyebanwa ukutani nyuma ya wapiga picha.

"Mama Stamili."

"Abee, Baba Stamili."

"Mguu wangu mmeuzika?"

"Tumeuzika jana, alasiri. Shemeji zako walikuja."

"Mliulaza vipi?"

Mama Stamili akafuta uso kwa upindo wa kanga. "Umenyooka," akasema. "Walitaka kuchimba kashimo kadogo, nikakataa. Niliwasimamia mwenyewe. Nikawaambia waongeze urefu, mpaka kidole cha mwisho kisiguse udongo wa mbele. Umelala umenyooka, baba. Hakuna kinachoubana."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akafumba macho, na machozi yakamtoka, yakashuka bila yeye kuyafuta.

Sikujua kama hapo ni pa kupiga makofi. Nikamtazama msimamizi wangu, naye alikuwa anatazama sakafu. Wodi ilikuwa kimya kiasi kwamba Mheshimiwa Chimbunde alipomwinamia Bwana Ndimangwa kumnong'oneza, sote tulisikia.

"Hiyo nafasi aliyopewa huko kaburini," alisema, "aliidhinisha nani?"